Nataka kufanya sheria za teknolojia na taarifa binafsi, naanzia wapi? (uzi mrefu)

#1 (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni.

Kila wiki napigiwa simu na vijana wanaomaliza Law School na swali ni lile lile, dada na mimi nataka kufanya sheria za teknolojia na data, naanzia wapi, nisome nini, hela ipo? Nimeona badala ya kumjibu kila mtu peke yake nishushe uzi mmoja, wengine wajifunze na mawakili wenzangu mnisahihishe nitakapoteleza. Ni mrefu, mwenye haraka auweke akiba.

Mimi ni wakili wa kujitegemea hapa Dar, huu mwaka wa nane. Nilianza na mirathi na ardhi kama wengi wetu na hadi leo mirathi ndo inalipa kodi ya ofisi miezi mingine, siwafichi. Kilichonileta huku ni karanga. Natoka mahakamani nasubiri daladala, nikanunua karanga za mia tano zimefungwa kwenye karatasi kama kawaida, nimezimaliza nakunjua karatasi nitupe naona mistari, majina, umri, mtaa, namba za simu, na safu ya mwisho kipimo na majibu. Ukurasa wa daftari la maabara. Majina kumi na moja, niliyahesabu mara mbili. Mmoja ni binti wa miaka 19 na majibu yake ni ya kitu ambacho huenda hata mama yake mzazi hajaambiwa. Yule muuza karanga hana kosa, yeye ananunua karatasi kwa kilo. Nilienda nayo nyumbani nikaichoma, ila usiku ule sikulala, najiuliza huyu binti akinijia ofisini kesho nampeleka wapi?

Kipindi kile jibu lilikuwa gumu. Tulikuwa na ibara ya 16 ya Katiba inayosema kila mtu anastahili heshima na hifadhi ya nafsi yake na maisha yake binafsi, basi, tena ibara yenyewe inaelekeza itungwe sheria ya kuweka utaratibu na sheria hiyo hatukuwa nayo miaka yote hiyo. Sasa ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa rasmi Aprili 2024. Kenya walitutangulia, ya kwao ni ya 2019.

Sasa hapa ndo nataka vijana mnielewe. Wengi mnaokuja kwangu mnadhani hii kazi ni akili bandia, sarafu za mtandaoni, na mikataba ya makampuni makubwa ya Marekani. Ipo hiyo, ila kidogo. Kazi yenyewe hapa nyumbani ni kujua taarifa ya mtu imeingilia wapi, imepita mikononi mwa nani, imelala wapi, na siku ikitupwa inatupwaje. Ukiweza kuifuata taarifa moja tangu mlangoni mpaka mwisho wa safari yake wewe ni wakili wa eneo hili. Ukishindwa, hata uwe na vyeti ukuta mzima utakuwa unauza makaratasi tu.

Mfano. Kuna mteja aliniita nimsaidie kujisajili Tume maana mkusanyaji (anayeamua taarifa zikusanywe na zitumikeje) na mchakataji (anayezishughulikia kwa niaba yake) wote wanatakiwa wasajiliwe. Meneja akanikabidhi sera ya faragha kurasa 38, nzuri, ina jalada la rangi. Naisoma ukurasa wa tatu nakutana na jina la kampuni nyingine kabisa, ukurasa wa tano inataja sheria ya Ulaya, ile iliyoanza Mei 2018, na haki ya kulalamika kwenye mamlaka ya nchi ambayo huyu mteja hajawahi hata kukanyaga. Wamenakili mtandaoni. Nikamwambia meneja weka hii pembeni kwanza, tushuke getini.

Getini mlinzi ana kaunta buku. Jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, unaenda kwa nani, saa ya kuingia, sahihi. Kila mgeni anayeandika anasoma waliomtangulia wote. Namuuliza mlinzi, kaka hili likijaa linaenda wapi? Ananionyesha chini ya meza kuna boksi, yapo manne, la zamani halina jalada. Na mengine ya nyuma? Walichukua watu wa usafi. Tukapanda mapokezi, dada wa pale anapokea fomu za wateja anazipiga picha kwa simu YAKE anazituma kwenye kundi la WhatsApp la ofisi ili mhasibu azione haraka. Kwenye kundi kuna watu 23, wawili kati yao waliacha kazi mwaka juzi na hakuna aliyewatoa. Yule dada sio mkorofi, alipewa kazi bila kifaa akajiongeza. Hayo yote hayakuwemo kwenye zile kurasa 38. Nilitumia siku mbili nzima natembea na daftari langu nauliza swali moja tu, hii inatoka hapa inaenda wapi, na nilichoandika pale ndo kimekuwa sera yao, kurasa sita, Kiswahili, hadi mlinzi anaielewa.

Na hiyo ya Kiswahili msiichukulie poa. Sheria imetupa maneno yetu, mkusanyaji, mchakataji, mhusika wa taarifa, yaani yule ambaye taarifa zinamhusu. Ukimwelezea mama wa sokoni kwamba wewe ndo mhusika wa taarifa anakuelewa palepale.

Nije kwenye kesi zinazokuja kwa wingi, mikopo ya mtandaoni, tunaita kausha damu. Mama mmoja anauza chakula alikopa laki moja na nusu, akachelewa siku tatu maana mtoto alilazwa. Jumapili yuko kanisani simu inaanza kutetemeka. Shangazi yake, mwenye nyumba, mwalimu wa mtoto, mzee wa kanisa, hadi mtu aliyemsevu "fundi bomba", wote wamepokea meseji moja ina picha yake kashika kitambulisho, imeandikwa huyu ni tapeli mwambieni alipe. Jumatatu akaja ofisini, simu ameizima, kaifunga kwenye ncha ya kanga, anaogopa hata kuiwasha.

Wakili wa kawaida hapo anawaza kashfa, na kashfa ipo, hiyo meseji inamchafua. Ila mimi nilianza na simu. Tukaiwasha, tukaingia kwenye mipangilio kwenye ruhusa za ile apu. Majina yote ya simuni, meseji, picha, mahali alipo, vyote imeruhusiwa, siku aliyoipakua alibonyeza kubali kubali kubali maana bila hivyo mkopo hautoki. Sasa angalia hapa vizuri vijana. Huyo mama angalau wanaweza kujitetea kwamba alikubali, japo ridhaa ya namna hiyo ina maswali yake. SHANGAZI JE? Shangazi hajawahi kuisikia hiyo apu maisha yake yote. Jina lake na namba yake vimechukuliwa kutoka kwenye simu ya mtu mwingine, vikahifadhiwa, vikatumika kumdai mtu. Ni mhusika wa taarifa kamili na malalamiko yake yana nguvu kuliko hata ya mkopaji. Tulipoandika barua tuliambatanisha maelezo ya watu wanne waliopokea, sio ya mkopaji peke yake. Meseji zilikatika ndani ya siku mbili. Fidia bado tunaidai kwa hiyo sitaongeza neno.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya apu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni. Kwa hiyo mwanasheria anayechukua kesi hizi asiangalie sheria moja, kuna upande wa leseni, upande wa taarifa binafsi, upande wa makosa ya mtandao, na mara nyingine njia fupi ndo ile usiyoifikiria.

Cha mwisho kwa leo, ushahidi. Hapa mawakili wengi tunaanguka. Mteja anakuja na skrinishoti ameikata pembeni, hakuna namba, hakuna tarehe, ameitoa kwenye simu ya mdogo wake maana ya kwake ameshafuta. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinataka mahakama iangalie taarifa ilitengenezwaje, ilihifadhiwaje, ilitumwaje, uhalisia wake ulilindwaje, na aliyeituma alitambulikaje. Kabla yake tulikuwa tunajishikiza kwenye hukumu ya Jaji Nsekela ya mwaka 2000, Trust Bank na Le-Marsh, iliyokubali karatasi zilizochapwa kutoka kwenye kompyuta ya benki. Kwa hiyo mteja akikupigia tu, neno la kwanza liwe USIFUTE, la pili usibadilishe simu, la tatu njoo nayo. Kisha hati ya kiapo inayoeleza hatua kwa hatua simu ni ya nani, ilikuwa kwa nani, meseji imeonekana saa ngapi, nani ameichapa, kwa mashine gani.

Naomba michango wakuu.

#2

Shikamoo dada wakili. Mimi nipo Dodoma mwaka wa nne sheria. Nimesoma yote hadi mwisho nimekosa la kusema kuhusu hiyo karatasi ya karanga. Maswali yangu matatu. Je ni lazima nijue kuandika programu? Kuna watu wanatuambia chuoni kwamba bila kujua kuprogramu usiguse hili eneo. Pili hizi kozi za nje za vyeti vya faragha zina msaada au ni kupoteza hela, maana mtihani mmoja tu ada yake ni pesa ya kula mwezi mzima na zaidi. Tatu, umesema mirathi ndo inalipa kodi, sasa kwa sisi tunaoanza tutaishije?

#3

Mimi sio mwanasheria ni mtu wa IT, miaka kumi na kitu kwenye mifumo. Nimefurahi kuona wakili anayeshuka getini maana sisi shida yetu na nyie ni kwamba mnaletwa mwishoni, mfumo umeshajengwa, uzinduzi Ijumaa, wakili analetwa Jumatano aweke kisanduku cha "nakubali". Hapo mmechelewa tayari.

Niwape kitu kimoja kitawasaidia. Sheria inasema mteja ana haki ya kuomba taarifa zake zifutwe, sawa, ila kwangu mimi neno futa lina maana nyingi. Kuna futa ya kuficha tu, mteja haonekani kwenye skrini ila mstari wake upo kwenye hifadhidata umewekewa alama. Kuna kufuta kwenye hifadhidata kuu lakini nakala za akiba za kila usiku bado zinae mwezi mzima mbele. Kuna kumbukumbu za mfumo zinazoandika namba yake ya simu kila alipoingia. Kuna faili la eksel ambalo mtu wa masoko alilitoa miezi sita iliyopita lipo kwenye laptopu yake nyumbani. Na kuna seva ya majaribio, hii ndo mbaya kuliko zote, vijana wakitaka kujaribu mfumo mpya wanachukua data HALISI za wateja wanazimwaga huko, nywila ni admini na moja mbili tatu. Nimeona hili kwenye zaidi ya sehemu moja. Wakili akiniuliza "mnafuta?" namjibu ndio na sijadanganya. Akiniuliza "mnafuta wapi na wapi" hapo nakaa chini.

#4

Salaam kutoka Mombasa. Mimi ni wakili huku na kazi yangu kubwa ni hii hii, wacha niongeze ya upande wetu maana tumetangulia kidogo na makosa pia tumetangulia kuyafanya.

Katiba yetu ya 2010 ibara ya 31 inataja faragha waziwazi, kisha Sheria ya Ulinzi wa Data 2019. Hiyo hoja ya shangazi wakili mwenzangu iko sawasawa kabisa. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza faini tatu kwa mpigo na nawaambia wanafunzi wangu wazisome zote. Ya kwanza ni kampuni ya Mulla Pride, wenye apu za mikopo za KeCredit na Faircash, shilingi 2,975,000 za Kenya kwa kutumia majina na namba walizopata kwa watu wengine wakawatumia watu meseji na simu za vitisho. Ya pili ni kilabu, Casa Vera, 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja aliyekuja kustarehe bila idhini yake. Ya tatu ndio kubwa, Roma School, 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Waona hapo hakuna kampuni ya Marekani hata moja. Ni mkopo, kilabu na shule. Ndio mitaa yetu hiyo.

Na serikali pia haikusazwa. Huduma Namba, mpango wa serikali wa kadi za utambulisho, Oktoba 2021 Jaji Ngaah alisema usambazaji wa zile kadi ulikuwa batili kwa kuwa hawakufanya kwanza tathmini ya athari kwa data za watu kama kifungu cha 31 cha ile sheria kinavyotaka. Mabilioni yalikuwa yameshatumika. Halafu Worldcoin, mradi wa sarafu ya mtandaoni, watu walipanga foleni Nairobi wapigwe picha mboni za macho kwa ahadi ya pesa, ikasimamishwa Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data zile zifutwe ndani ya siku saba chini ya usimamizi wa Kamishna. Ndugu wa IT wa #3, swali lako la futa wapi na wapi, hapo ndipo linapotakikana.

Kwa ushahidi, huku tuna cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza ushahidi wa kielektroniki ulivyotolewa. Usipokiambatanisha mwenzako anainuka na pingamizi, na video yako nzuri inabaki mfukoni.

#5 (mleta uzi)

#4 shukrani sana wakili, hizo faini tatu naziiba nazipeleka kwenye mafunzo yangu. Ya shule hasa. Huku kwetu kila shule ina ukurasa na kila Ijumaa wanapandisha picha za watoto na majina na darasa, mzazi hajaulizwa, akilalamika anaambiwa mama fulani unajikweza.

#3 umenisaidia kuliko semina. Hilo la seva ya majaribio nitalianza wiki hii hii kwa mteja.

#2 mdogo wangu marahaba. Kuprogramu sio lazima. Ila lazima ujue vitu fulani vya msingi bila kubabaisha. Hifadhidata ni nini, nakala ya akiba ni nini, tofauti ya kuficha data na kuifunga kwa msimbo asiweze kuisoma asiye na ufunguo, seva iko nchi gani na hilo linabadilisha nini. Makampuni mengi hapa data zao zimelala Cape Town au Ireland na wenyewe hawajui, wanajua tu "iko klaudi". Sheria yetu ina masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi, sasa utashauri nini kama mteja hajui kwamba anasafirisha? Tafuta rafiki wa IT, mnunulie chai, mwambie akuonyeshe mfumo mmoja kuanzia fomu hadi seva. Siku moja ya hivyo itakusaidia kuliko miezi ya kusoma.

Kozi za nje, zina msaada ukishakuwa na kazi, hasa ukipata wateja wanaofanya biashara na Ulaya. Usianze nazo. Anza na sheria yetu na kanuni zake za 2023, ni bure, isome mara tatu. Halafu soma Katiba, halafu soma Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, hasa kifungu cha 32 kuhusu kuamriwa kutoa data. Wale wanaokumbuka Desemba 2016 wanajua, mwanzilishi wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums, Maxence Melo, alikamatwa akapandishwa mahakama ya Kisutu, moja ya mashtaka ikiwa kuzuia upelelezi kwa kutotoa taarifa za watumiaji, na kesi zikaenda miaka. Nakwambia hili kwa sababu siku moja mteja wako atapigiwa simu usiku aambiwe toa namba ya fulani, atakupigia wewe, na una dakika chache za kumwambia aombe amri ya maandishi, asome imetolewa na nani, inataka nini hasa, asitoe zaidi ya kilichoandikwa, na ASIFUTE chochote maana akifuta amejitengenezea kosa jingine. Hali kadhalika watu wa blogu na televisheni za mtandaoni. Kanuni za maudhui za 2018 ziliwapa masaa 12 kuondoa maudhui wakiambiwa, za 2020 zikashusha hadi masaa mawili. Mawili! Wakili wa eneo hili simu haizimwi.

Hela. Usajili Tume, mikataba kati ya mkusanyaji na mchakataji, mafunzo kwa wafanyakazi, na kukaa kama mshauri wa mwezi kwa mwezi. Sheria inataka wawe na afisa wa ulinzi wa taarifa binafsi na wengi hawana mtu wa ndani. Ukianza chukua wadogo, zahanati, shule, saccos, usichaji sana ila fanya kazi kamili. Mteja wangu mkubwa leo nilimpata kupitia zahanati yenye vyumba vinne. Na mirathi usiache.

#6

Dada naomba kuuliza mimi sio mwanasheria. Nilienda kusuka saluni moja sitaitaja, dada akaniomba picha nikasema sawa nikidhani ni ya kuwaonyesha wateja kwenye simu. Miezi miwili baadae shemeji yangu ananitumia picha, niko kwenye bango barabarani sura nzima, na kwenye Instagram wameweka tangazo la kulipia. Mimi nimeolewa kwenye familia ya dini sana, mume wangu amenielewa ila mkwe hadi leo hapokei simu yangu. Nimewapigia saluni wanasema ULIKUBALI na picha ni mali yao maana wamepiga wao. Ni kweli?

#7 (mleta uzi)

Pole sana mdogo wangu, pole kweli.

Wamechanganya vitu viwili na mawakili wengi pia wanavichanganya. Hakimiliki ya picha kwa kawaida ni ya aliyepiga, hapo wana hoja. Lakini sura ni yako. Sura yako ikikutambulisha ni taarifa yako binafsi, na aliyeikusanya anatakiwa aitumie kwa lengo lile alilokwambia. Wewe uliridhia picha, hukuridhia bango. Kumiliki kamera hakumpi mtu ruhusa ya kukufanya tangazo.

Fanya hivi. Leo hii nenda kapige picha lile bango, simama mbali lionekane na mtaa, kisha karibu. Ukurasa wa Instagram rekodi skrini nzima jina la akaunti lionekane, tarehe, na alama kwamba ni tangazo la kulipia. Usiwatukane kwenye maoni, najua moyo unawaka ila usiandike kitu. Kisha barua fupi, unaondoa ridhaa yoyote wanayodai ulitoa, unataka picha iondolewe kwenye bango, mtandaoni na popote walipoipeleka, wakujibu kwa maandishi ndani ya siku saba. Barua peleka mkononi wasaini nakala yako. Wasipojibu unajaza malalamiko Tume, hauhitaji wakili kwa hilo, na ukishindwa kujaza njoo ofisini nitakusaidia, hutalipa.

Na ulizia nani alitengeneza lile bango. Mchapaji naye ana faili.

#8

Nimesoma kimya hadi hapa. Mimi ni wakili wa zamani kidogo, nimeapishwa kabla wengi wenu hamjaanza darasa la kwanza, nisameheni nikisema ukweli wangu. Mwanangu unafanya kazi nzuri, lakini unawapa hawa vijana matumaini ambayo soko halina. Mtanzania wa kawaida akiibiwa shamba atauza ng'ombe alipe wakili. Namba yake ya simu ikisambaa atasema Mungu anaona. Sheria imetungwa, Tume ipo, mimi nasubiri kuona hukumu. Eneo la sheria bila hukumu ni kama kisima kisichochimbwa bado, unawaambia watu walete ndoo.

#9 (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu. Nakushukuru kwa kusema hadharani, wengine wananiambia pembeni.

Nakubali kwamba watu hawauzi ng'ombe kwa ajili ya namba ya simu. Nimekaa na hilo swali miaka. Lakini yule mama wa chakula hakuja kwangu kwa sababu ya namba ya simu mzee, alikuja kwa sababu Jumapili ya pili yake alishindwa kuingia kanisani. Huyu dada wa #6 hajaja kwa sababu ya picha, amekuja kwa sababu ya mkwe. Watu hawaiiti faragha. Wanaiita kuaibishwa, kuvuliwa nguo mbele za watu, na hilo Mtanzania analipigania sana, tena mara nyingi anapigania vibaya kwa sababu hajui kuna mlango. Kazi yetu ni kuonyesha mlango.

Hukumu zinakuja kwa sababu kuna mtu anaenda kufungua. Wakili Tito Magoti alienda Mahakama Kuu kuipinga sheria hii hii, na Mei 2024 mahakama ikasema vifungu vya 22(3) na 23(3)(c) na (e) vina utata, ikaipa serikali mwaka mmoja kurekebisha. Sheria ilikuwa haijafikisha hata miezi kumi na tatu tangu ianze. Kwa hiyo mzee kisima wanachimba, na mikono ni michache. Ungekubali kuja kuwafundisha hawa vijana kuhoji shahidi tungefika mbali maana huko ndiko wengi wetu tuko dhaifu, tunajua seva hatujui kizimba. Nasema kutoka moyoni.

#8 (tena)

Nitumie namba ya ofisi yako.

#2

Mzee akikubali kufundisha na mimi naomba nafasi, nipo tayari kusafiri kutoka Dodoma.

#6

Dada nimerudi. Barua nilipeleka Alhamisi, wamesaini nakala. Bango limeshushwa jana, nimepita na bodaboda nikaona fremu tupu. Instagram wametoa tangazo. Ila mchapaji nimempata kama ulivyosema, anasema faili anayo na amewahi kuitumia kwenye kalenda za saluni nyingine mkoani, kalenda zimeshagawiwa. Sasa hapo nafanyaje? Kalenda moja nimeiomba kwa dada mmoja wa huko, ipo inakuja kwa basi.

#10 (mleta uzi)

Ikifika usiifungue, acha ilivyofungwa na basi pamoja na risiti ya kifurushi. Njoo nayo Jumatatu saa mbili, tutaifungua mbele ya mzee wa #8, ameshanipigia. Na jina la huyo mchapaji liandike kwenye karatasi, usiliweke hapa.